Kizingiti cha Kinasa-Mitetemo: Kukiweka na Kukisoma

Kinasa-mitetemo ni chombo cha kupima jinsi ardhi inavyotikisika. Hutumiwa, mathalani, karibu na matimbo ya mawe ambako miamba hulipuliwa kwa baruti. Mwenye nyumba anapodai kuwa kuta zake zimepata nyufa, naye mwenye timbo akakana, rekodi za chombo hiki huweza kuwa shahidi baina yao. Makala haya yanadhamiria kufafanua namna ya kukitayarisha kijirekodie chenyewe, maadamu shahidi aliyetayarishwa vibaya hupotosha hukumu.

Chombo hiki husikiliza daima, ila hakihifadhi yote. Huhifadhi pale tu mtetemo unapovuka kiwango kilichowekwa, ambacho hapa tutakiita kizingiti. Kizingiti hupimwa kwa milimita kwa sekunde, yaani kasi ya chembe za ardhi zinapotikisika. Kikiwa chini mno, malori yapitayo na milango ibamizwayo vitaijaza kumbukumbu ya chombo. Kikiwa juu mno, mlipuko utapita bila kuacha alama. Njia ya busara ni kupima kwanza mitetemo ya kawaida ya mahali hapo, kisha kuweka kizingiti juu yake kidogo. Ikiwa mitetemo hiyo haizidi 0.4, kizingiti cha 0.8 chaweza kufaa.

Kizingiti kisichanganywe na kikomo cha kisheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo ziliweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa chanzo, yaani milimita 5. Anayekipandisha kizingiti hadi hapo hupoteza habari zote za mitetemo midogo.

Suala la pili ni muda. Kizingiti kinapovukwa, mwanzo wa mtetemo umekwisha kupita. Kwa hivyo chombo huweka akiba ya kipindi kifupi kilichotangulia, mathalani robo sekunde, na kukiunganisha na rekodi. Aidha, wimbi la ardhini hufika upesi, ilhali lile la hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Nyumba iliyo mita 1,020 kutoka timboni italipokea sekunde 3 baada ya mlipuko. Rekodi ya sekunde 2 italiacha nje, ingawa huenda ndilo lililotikisa madirisha.

Hatimaye, kihisi kikazwe ardhini, saa irekebishwe, na chombo kijaribiwe kwa kukanyaga kwa kishindo kando yake.

Ikumbukwe kuwa kukosekana kwa rekodi si ithibati kwamba ardhi ilitulia. Huenda kizingiti hakikuvukwa, au chombo kilizimika. Ndiyo maana inafaa pia kiandike kilele cha kila dakika chache, kuonyesha kuwa kilikuwa macho. Mwanakijiji asomewapo ripoti ana haki ya kuuliza kizingiti kilikuwa kipi. Kumpa istilahi za kuulizia ni jukumu letu wanafunzi wa Kiswahili.