Kipindi cha kutisha kinapokataa kutoka kichwani

Usiku wa Oktoba 31, 1992, saa tatu na dakika 25, BBC1 ya Uingereza ilirusha Ghostwatch, kipindi kuhusu nyumba moja ya London iliyodaiwa kuwa na mzuka. Mama na mabinti zake wawili walikuwa wakisumbuliwa na kiumbe waliyemwita Pipes. Yote hayo yalikuwa mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Stephen Volk na kurekodiwa mapema. Tatizo ni kwamba ulitengenezwa ufanane na matangazo ya moja kwa moja. Studioni aliketi Michael Parkinson, mtangazaji aliyeheshimika nchi nzima, na ndani ya nyumba yenye mzuka alitumwa Sarah Greene, ambaye watoto walimzoea katika vipindi vyao.

Watazamaji walikuwa takriban milioni 11. Aliyepiga namba iliyoonyeshwa kwenye skrini alipaswa kwanza kuambiwa kwamba kisa ni cha kubuni, lakini simu zilikuwa nyingi mno na wengi hawakupata laini.

Mwaka 1994 jarida la tiba la BMJ lilichapisha taarifa ya madaktari kuhusu wavulana wawili wa miaka 10 waliopata dalili za kiwewe baada ya kutazama kipindi hicho. Mmoja alikataa kupanda ghorofani peke yake, akawa analala taa ikiwaka, anaota jinamizi, na alijigonga kichwa ili kuyafukuza mawazo ya mizuka. Hakuna aliyemgusa mtoto huyo. Alichokutana nacho kilikuwa picha na sauti tu.

Picha na sauti zinatosha. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, inayopokea dalili za hatari na kupiga kengele kabla fikra hazijapata nafasi ya kupima jambo. Adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Sehemu ya mbele ya ubongo hufuata nyuma kuamua kama hatari ni ya kweli. Mtu mzima anayejua kuwa anatazama maigizo hutulia, na msisimko uliobaki mwilini hugeuka kuwa raha. Ndiyo maana mashabiki hupiga yowe, kisha wakacheka. Utafiti uliofanywa Denmark katika nyumba ya vitisho ya kulipia kiingilio ulionyesha kwamba raha hupatikana pale hofu inapokuwa ya wastani: ikipungua mno mtu huchoka, ikizidi hukereka.

Kwa mtoto, ile sehemu ya mbele bado inakua. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyechunguza hofu za watoto mbele ya televisheni kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wadogo huogopa zaidi sura na maumbo, na kuwaambia kwamba kitu si cha kweli huwasaidia kidogo. Wakubwa kidogo huogopa kinachoweza kutokea kweli. Ghostwatch iliwakamata hao wa pili: iliwaonyesha nyumba ya kawaida, ikathibitishwa na nyuso wanazoziamini.

Kwa hiyo ile kauli yetu ya sebuleni, "si filamu tu hiyo", kwangu ni dawa dhaifu. Mtoto mdogo anahitaji mtu wa kukaa naye, kumkumbatia na kuzima kipindi. Aliyekua kidogo mweleze jinsi maigizo yanavyotengenezwa: rangi badala ya damu, kamera, mtu aliyevaa kinyago. Kumcheka au kumwita mwoga hakusaidii chochote. Atajifunza kuificha hofu tu. Na kumtuma chumbani hakutoshi ikiwa sauti ya kipindi inamfuata huko.

Hofu nyingi za aina hii huisha zenyewe ndani ya siku au wiki chache. Lakini jinamizi, kukataa shule au woga wa kubaki peke yake vikidumu zaidi ya mwezi, usingoje: mpeleke mtoto kwa daktari, na umweleze wazi alitazama nini.