Kuuza, kununua na kurithi Kizingitini: Sheria yasemaje?

KIZINGITINI ni mji wa wavuvi katika kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki. Wenyeji wake, ambao wengi ni Wabajuni, wana jamaa Mombasa, Malindi na hata nchi za Ghuba. Mzee anapofariki, aghalabu warithi wake huwa wametawanyika, na nyumba au shamba la minazi hubaki mikononi mwa yule aliye karibu. Hapo ndipo mvutano huzuka. Mmoja huuza bila ya wenzake kujua, mjane huambiwa hana lake, naye mnunuzi hujikuta amelipa pesa kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuuza.

Mengi ya matatizo hayo huweza kuepukwa iwapo wahusika wataelewa sheria kabla ya kupeana mkono.

Je, asiye na hatimiliki aweza kuuza?

Katika sehemu nyingi za Lamu, familia zimeishi kwa vizazi bila ya hati yoyote. Chanzo cha hali hii ni cha zamani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi Pwani wadai na kusajili haki zao, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakupata habari, na waliopata hawakuwa na njia ya kufika mbele ya msajili.

Katiba ya 2010 imegawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kaunti kuiuza. Ikishasajiliwa, haiwezi kuuzwa bila ya idhini ya thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa. Kwa hivyo, mtu mmoja hawezi kuiuza kama mali yake, hata kama babu yake ndiye aliyefyeka msitu.

Vilevile, eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Anayeuziwa "kiwanja" ambacho bamvua hukifunika ajue kwamba anauziwa kisichouzika. Mali ya wakfu nayo haiuzwi wala hairithiwi.

Yapo pia mapatano ya kununua nyumba pekee, ilhali ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Mnunuzi wa namna hiyo hapati udongo, na sharti mkataba uliseme jambo hilo waziwazi.

Mnunuzi afanye nini kabla ya kulipa?

Palipo na hatimiliki, hatua ya kwanza ni kukagua sajili katika afisi ya ardhi. Humo huonekana jina la mwenye mali, deni la benki na vizuizi vya mahakama. Nakala ya hati aliyoishika muuzaji haitoshi.

Pili, mkataba wa kuuza ardhi ni lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na ushuhudiwe. Ahadi ya mdomo, hata ikitolewa mbele ya wazee wa mtaa, haina nguvu mahakamani. Barua ya chifu huweza kusaidia kumtambulisha mtu, lakini haihamishi umiliki.

Tatu, ikiwa ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi yahitajika, nayo huombwa katika muda wa miezi 6 baada ya mkataba. Pasipo idhini, mkataba hubatilika, na mnunuzi hubaki na haki ya kudai pesa zake tu kama deni.

Nne, iwapo nyumba ni ya ndoa, ni busara kupata ridhaa ya mke au mume kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaitaka, ingawa Waislamu wameruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo.

Kuhusu gharama, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo mjini, na asilimia 2 kwa iliyo mashambani. Muuzaji naye hutozwa kodi ya faida, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 1, 2023.

Je, mgeni anaruhusiwa kununua?

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele. Katiba inamruhusu kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Isitoshe, viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka ufuoni havipewi mgeni bila ya kibali cha maandishi cha waziri. Kampuni yenye mwanahisa wa kigeni huhesabiwa kuwa mgeni pia. Katika kisiwa ambacho nyumba nyingi ziko karibu na bahari, sharti hili si dogo.

Mirathi hugawanywaje?

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haiwalazimishi Waislamu kufuata mgao wake. Mahakama ya Kadhi huamua mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Kwanza hulipwa gharama za maziko na madeni, kisha wasia, ambao hauzidi thuluthi moja na kwa kawaida hauwi wa mrithi. Kinachobaki hugawanywa. Tuseme mvuvi ambaye wazazi wake walishafariki ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali hukatwa hisa 40: mjane hupata 5, yaani thumuni, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Anayewaambia mjane au binti kwamba hawana fungu basi hafuati dini wala serikali.

Wafaransa nao wana katazo la namna hiyo. Huko mzazi hawezi kuwanyima watoto kwa wasia: mwenye mtoto mmoja humwekea nusu ya mali, mwenye wawili thuluthi mbili, na mwenye watatu au zaidi robo tatu.

Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Mwislamu. Familia zisiwafiche watoto hao katika orodha ya warithi.

Je, mrithi mmoja aweza kuuza?

La. Kabla ya mahakama kumteua msimamizi na kuthibitisha mgao, hakuna aliye na mamlaka ya kuuza nyumba au shamba la marehemu. Kanuni hii ya usimamizi inawahusu Waislamu pia. Anayejitwalia mali ya marehemu aweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Aliye ughaibuni aweza kumpa ndugu yake hati ya uwakilishi. Lakini hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Anayeitumia kuuza baada ya maziko anauza hewa.

Warithi wasichelewe mno. Dai la kurejesha ardhi ya kibinafsi hufungwa baada ya miaka 12 ikiwa aliyeikalia aliishika kama yake bila ya ruhusa. Aliyekaribishwa kuishi humo hawezi kutumia kanuni hiyo, lakini ruhusa isiyoandikwa ni vigumu kuthibitishwa.

Thamani ya ardhi ya Lamu imebadilika tangu mradi wa bandari ya Lapsset ulipozinduliwa Machi 2012. Julai 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 katika kaunti hiyo, ikidai zilitolewa kinyume cha sheria. Ikiwa hata hati zaweza kutiliwa shaka, asiye na karatasi yoyote ana sababu kubwa zaidi ya kuandika mipaka yake, kutaja warithi wake wote, na kuweka nakala mahali pengine mbali na paa la makuti.