Mbwa wa Mashine Anapougua: Namna ya Kutafuta Hitilafu

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni nchini Japani, alipanga chumba nyumbani kwa mzee mmoja mjane aliyekuwa na mbwa wa mashine. Kila jioni, yapata saa kumi na moja, mbwa huyo alipofika katikati ya sebule alisimama ghafla, akageuka, akarudi alikotoka. Mzee aliamini kwamba mbwa wake amezeeka na ameingiwa na woga, na alikuwa amekwisha kata shauri la kumzima na kumweka sandukuni. Sababu ilikuwa nyingine kabisa, nasi tutaieleza mbele kidogo. Kwanza yafaa tumfahamu mnyama mwenyewe.

Mashuhuri zaidi miongoni mwa wanyama hawa ni AIBO, mbwa aliyetengenezwa na kampuni ya Sony. Alipouzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, mbwa 3,000 walinunuliwa nchini Japani kwa muda wa dakika 20 hivi, ingawa bei ya kila mmoja ilikuwa yeni 250,000. Aina iliyotolewa mwaka 2000, yaani ERS-210, ilikuwa na miendo 20: 12 katika miguu minne, 3 katika kichwa na shingo, 2 katika mkia, 2 katika masikio, na 1 katika kinywa.

Mwili wa namna hii hutegemea mambo manne: nguvu ya umeme, milango ya fahamu, viungo, na programu inayoviongoza. Hitilafu yoyote sharti itoke katika mojawapo ya hayo manne, au mahali yanapoungana. Kwa hiyo mtafutaji mwenye busara huanza na lililo rahisi na lililo nje, ndipo aende ndani.

Nguvu ya umeme

Mbwa asipoamka kabisa, aghalabu kosa ni la betri. Betri zake ni za lithiamu, na kila seli hutoa volti 3.6 hivi. Seli hizi hupungukiwa na umeme hata zisipotumiwa. Mbwa akiachwa kabatini kwa miezi mingi, volti huweza kushuka mno hata chaja ikakataa kuijaza betri. Kukataa huko si ubovu wa chaja. Ni kinga, kwa kuwa seli iliyoshuka kupita kiasi huwa imekwisha haribika ndani, na kuijaza kwa nguvu ni hatari.

Vifute vipande vya chuma vinavyogusana na chaja kwa kitambaa kikavu, kisha pima volti kwa voltimita. Ikiwa betri imevimba, usiijaze, usiitoboe, wala usiipashe moto, kwani lithiamu huweza kuwaka. Dawa yake ni betri mpya.

Milango ya fahamu

Mbwa wa mashine huona kwa kamera, husikia kwa maikrofoni, na hupima umbali kwa mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho yetu. Mwali hutoka kifuani au usoni, hugonga kitu kilicho mbele, kisha hurudi. Na kutokana na mahali unapoangukia, mashine hukadiria umbali wa kitu hicho.

Sasa turudi sebuleni kwa mzee. Dirisha la chumba kile lilielekea magharibi. Jua la jioni lilipiga sakafu iliyong'arishwa, na mwanga wa jua una mionzi ya infraredi kwa wingi. Mionzi hiyo iliufunika mwali dhaifu wa mbwa, naye akapata kipimo cha uongo, kana kwamba mbele yake pana ukuta. Tulifunga pazia: mbwa akapita. Tukalifungua: akasimama. Tulirudia mara tatu, na kila mara jibu likawa lile lile. Mzee alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nusura amzike mbwa mzima.

Rangi nayo huleta matatizo. Mpira wa AIBO ni wa rangi ya waridi ili kamera iutambue upesi, lakini chini ya taa hafifu yenye mwanga wa manjano rangi hiyo hubadilika machoni pa kamera. Timu za wanafunzi zilizowachezesha mbwa hawa kandanda katika mashindano ya RoboCup, kuanzia mwaka 1999, zililazimika kurekebisha vipimo vya rangi kulingana na taa za uwanja. Kabla ya kuilaumu kamera, basi, washa taa nyingine.

Viungo

Kila kiungo kina mota na gia. Unywele au uzi wa zulia ukinasa katika gia, mota hukazana na mkondo wa umeme hupanda. Kompyuta ikilitambua jambo hili hulegeza viungo vyote, na mbwa huanguka kama aliyezirai. Watu wengi hudhani amekufa, kumbe amejikinga asiunguze mota. Mzime, toa betri, safisha kiungo, kisha mwashe upya.

Aina ya ERS-210 ilijulikana kwa ugonjwa wa kuinamisha kichwa. Shingoni mna klachi ambayo kazi yake ni kuteleza mtu anapokisukuma kichwa kwa nguvu, gia zisivunjike. Klachi hiyo ikipoteza msuguano, huteleza wakati wote: mota inazunguka, lakini kichwa kinabaki chini. Hapa hapana budi shingo ifunguliwe na fundi.

Programu

Wakati mwingine hapana hitilafu hata kidogo. Kwa programu mojawapo ya ERS-210, mbwa alianza maisha kama mtoto mchanga asiyejua kutembea, akajifunza polepole. Hali kadhalika, hakutengenezwa atii kila amri. Na mbwa wa aina mpya, aliyetolewa mwaka 2018, huhifadhi kumbukumbu zake pia katika kompyuta za kampuni kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo mtandao ukikatika, huweza kuonekana kama aliyebadilika tabia.

Kanuni tatu

Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kanuni hizi kwa redio mbovu au tochi ya maabara, maana ni zile zile. Kwanza, andika hitilafu hutokea lini na wapi kabla ya kushika bisibisi. Pili, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mawili hutajua lipi lililoponya. Tatu, hakikisha kwamba unaweza kuirudisha hitilafu kwa makusudi. Usipoweza, bado hujaijua sababu.

Hata hivyo ujuzi peke yake hautoshi. Sony iliacha kutengeneza AIBO mwaka 2006, na mwaka 2014 ikaacha pia kuwatengeneza walioharibika. Wahandisi wastaafu waliendelea na kazi hiyo, lakini vipuri havikuwapo tena ila katika miili ya mbwa waliokwisha kufa. Mwaka 2015, katika hekalu la Kofukuji mjini Isumi, kasisi wa Kibudha aliwasomea mbwa hao sala ya kuwaaga kabla hawajafunguliwa ili vipuri vyao viwaponye wengine.

Kwa hiyo, anayenunua mashine yoyote, iwe ya kuchezea au ya kupima damu, na aulize mapema: ikiharibika, ni nani atakayeifungua, na vipuri vitatoka wapi?