Siku ya Miguu na Mashua Kilwa Kisiwani

Katika Chamwino, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ugogo, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu kiasi cha Desemba hata Aprili, na baada ya hapo mito hubaki mchanga mtupu ambao watu huufukua mpaka maji yatokee. Kwa hiyo mtu aliyelelewa huko, aingiapo mji wowote wa ugenini, huwa na tabia ya kutaka kujua kwanza wenyeji wake hunywa nini. Tabia hiyo ndiyo ninayomnasihi msafiri wa kwetu aichukue aendapo Kilwa Kisiwani, kwani magofu yale, ambayo wengi huyatazama kama masalio ya fahari ya masultani basi, hufahamika vyema zaidi kwa yule anayefuata habari za maji: ya chumvi yaliyouletea mji utajiri, na matamu yaliyowawezesha watu kukaa juu ya ardhi ya matumbawe.

Siku moja inayosemwa hapa ni ya kisiwa peke yake, wala haihesabu njia ya kutoka bara. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, humfikisha mtu pwani kabla hajachoka. Na kutoka hapo basi hushika njia ya kusini kiasi cha kilomita 300, likiuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, mahali ambapo zamani abiria walingoja kivuko na wakati wa masika njia yenyewe ilikuwa haipitiki. Mwisho wa safari ni Kilwa Masoko, ambako msafiri hulala, hupata kibali cha kuzuru magofu, na asubuhi hushuka bandarini.

Mlango wa bahari unaotenga Masoko na kisiwa ni kiasi cha kilomita 2, nao huvukwa kwa mashua ya tanga au kwa boti ya mashine. Hapa mtu wa bara hana budi kuiacha saa yake na kufuata ya bahari, kwa maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika kila mchana na usiku, na wakati wake husogea mbele karibu dakika 50 siku hata siku. Tena yakiwa ya bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, huondoka mbali mno na ufuo, hata chombo kisiweze kukaribia, na abiria akalazimika kukunja suruali na kutembea topeni. Tarikh ya kale ya Kilwa yasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na kwamba siku zile maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, mpaka mnunuzi alipochimba mlango ule ili mwenyewe wa kwanza asirudi kukidai. Wanahistoria hawaichukui habari hiyo kama ilivyo, lakini aliyeitunga alijua vema kwamba ulinzi wa Kilwa ulikuwa kina cha maji yake.

Jengo la kwanza kumlaki mgeni ni Gereza, ngome ya Waarabu wa Omani ya mnamo mwaka 1800, iliyosimamishwa mahali pa ngome ya Wareno waliouteka mji mwaka 1505. Kutoka hapo njia ya miguu, yenye mawe ya kukwaruza na vivuli vya mibuyu ambayo Mgogo ataiamkia kama jamaa, huelekea Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karibu na karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa matao na kuba za mawe na chokaa. Wengi huinua macho kuzitazama kuba. Yafaa pia kwenda kutazama kisima na mabirika ya kutawadhia, maana ibada ya watu wengi namna ile, mara tano kwa siku, ilitaka maji yasiyokatika. Karibu yake pana kuta za kasri la Makutani na msikiti mdogo wa kuba, ambao umehifadhika kuliko mingi.

Husuni Kubwa iko upande wa mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita moja kupita mashamba na nyumba za wanakijiji, nayo ndiyo sehemu ya safari inayostahili kuachiwa muda mrefu kuliko zote. Kasri hili, lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linaloelekea bahari, lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na ambaye mgeni huyo alimsifu kwa ukarimu. Dhahabu iliyotoka bandari ya Sofala, upande wa kusini, ilipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeonekana hata Great Zimbabwe. Ngazi za mawe zashuka hadi ufukweni, walikopokewa wafanyabiashara. Na ndani ya kasri mna birika la pembe nane la kujiburudishia. Aliyezoea kuchota maji hatapita hapo bila kuwaza ni mikono mingapi iliyolijaza, na hivyo ataijua dola ile zaidi ya anayehesabu vyumba.

Shirika la UNESCO liliyaandika magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yakaingizwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kutolewa mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Biashara kubwa ilikwisha kuhamia Kilwa Kivinje katika karne ya 19, ila kijiji kimebaki kisiwani, na wavuvi na wakulima wake ndio wenyeji wa kila mzuru.

Basi msafiri na avae viatu vya kufunga na nguo za staha, achukue maji yake ya kunywa, na kabla ya kukubaliana nauli amwulize nahodha maji yatapwa saa ngapi, ili mzunguko wa miguu, ambao huchukua nusu siku kwa asiyeharakisha, usimwachie jahazi limekaa juu ya mchanga. Na kiongozi atakapomwonyesha misikiti na makasri, amwombe amwonyeshe visima vilevile, hata kama havimo katika maelezo anayowapa wageni wote.