Mzee Yu Hai Lakini Hawezi Kusaini: Hati ya Uwakilishi Inaishia Wapi?

Tunduma ni mji wa watu wa safari. Baba yuko Nakonde kwa wateja, lori liko foleni mpakani, mama yuko dukani, na shamba la kahawa liko Mbozi mikononi mwa shemeji. Kwa maisha ya namna hii, watu wengi wa Songwe wanaijua hati ya uwakilishi, ile ambayo mtaani inaitwa "pawa ofu atoni". Mzee anasaini mbele ya wakili, kijana anapewa ruhusa: pokea kodi za vyumba, saini mkataba wa ghala, fuatilia kiwanja halmashauri. Kazi zinaenda.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaamini hati hiyo hiyo itatuokoa siku mzee akipata kiharusi na akili ikayumba. Haituokoi. Siku hiyo ndiyo inayokufa.

Kwa nini? Mambo ya uwakilishi nchini yanaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoandikwa kwa kufuata ile ya India ya enzi za Mwingereza. Sheria hiyo inasema uwakilishi unakoma aliyeutoa akifariki, au akipoteza akili timamu. Mantiki yake ni kwamba mwakilishi anatenda kwa niaba ya mtu ambaye angeweza kutenda mwenyewe, na ambaye anaweza kumwambia "acha" wakati wowote. Mwenye mali asipoweza tena kusema "acha", ruhusa nayo inaondoka.

Wenzetu waliliona pengo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 kuruhusu hati inayoendelea kuishi hata mwenye mali akipoteza uwezo wa kuamua, kisha ikaiboresha kwa sheria ya 2005. Marekani, majimbo mengi yanaruhusu pia hati inayosubiri. Mtu anaisaini akiwa mzima, anaandika nani atamwakilisha na kwa mambo gani, halafu anataja nani atathibitisha kwamba hajiwezi tena, mara nyingi daktari. Mpaka barua ya daktari itoke, mwakilishi hana mamlaka yoyote.

Hati ya namna hiyo ingewafaa sana wazee wetu, maana hofu yao inajulikana: "Nikimpa huyu kijana mamlaka leo, kesho atauza kiwanja mimi bado nakunywa chai." Hata hivyo, nayo ina udhaifu wake. Daktari akichelewa kuandika, au ndugu wakigombana kama mzee kweli hajiwezi, mali inakaa tu. Kwetu, hata ukiandika kwenye hati kwamba ianze siku utakapopoteza fahamu, kanuni ya Sheria ya Mikataba inabaki palepale.

Basi familia inafanya nini? Njia ya kisheria ipo kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ndugu anapeleka maombi mahakamani pamoja na ushahidi wa daktari, na mahakama ikiridhika inateua mtu wa kusimamia mali za mgonjwa. Ni njia halali, ila ina nauli, karatasi na kusubiri, wakati huohuo ada ya chuo inadaiwa na mahindi yako ghalani.

Kwa sababu hiyo watu hukimbilia njia za mkato. Wapo wanaochukua kidole cha mgonjwa asiye na fahamu, wanakipaka wino na kukigandamiza kwenye karatasi. Hiyo siyo saini, na inaweza kukufikisha polisi. Wapo wanaotumia namba ya siri ya simu ya mzee. Inaonekana ni msaada tu, lakini baba wadogo wakija kuuliza hela zilienda wapi, huna karatasi ya kukutetea.

Tusichanganye mambo mawili hapa. Kwanza, kupooza siyo kupoteza akili. Mzee asiyeweza kushika kalamu lakini anaelewa anachoambiwa bado anaweza kutoa hati: anasomewa, anaelezwa, anaweka dole gumba mbele ya wakili. Pili, msimamizi wa mirathi huteuliwa mtu akishafariki. Kikao cha ukoo hakiwezi kumteua msimamizi wa mirathi ya mtu anayepumua.

La kufanya ni kujipanga mapema. Familia iulize benki kuhusu akaunti ya watu wawili, na masharti yake mmoja akiugua. Kiwanja kinaweza kuandikwa kwa majina ya baba na mama. Biashara iliyosajiliwa kama kampuni yenye wakurugenzi zaidi ya mmoja haisimami kwa sababu mmoja amelazwa. Na kwa wenye hofu ya kuuziwa nyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijauzwa, na hati ya kijana haiondoi ridhaa ya mama. Asiye na hela ya wakili aulizie wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Najua kwetu si rahisi mtoto kumuuliza baba, "Ukiugua itakuwaje?" Ataona unamwombea mabaya, au unaisubiri mali yake. Pitia kwa mama, au kwa shangazi anayesikilizwa. Likizo hii swali moja tu linatosha kuanzia: mzee akilazwa wiki ijayo na asiweze kuongea, nani atasaini? Kama nyumba nzima inatazamana, mna kazi ya kufanya, na ifanywe sasa mzee akiwa na akili zake timamu.