Soma Mgongo wa Paneli, Mwanangu

Wanangu wa Mtongwe, form ni hii: paneli juu ya mabati siku hizi ni luku. Ile Ijumaa ya Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na usiku huo huo Chelsea wako na mechi na Luton. Kama keja yenu ilikuwa na solar, wee ndio ulikuwa msee wa maana. Simu za majirani zote kwenye extension yako. Kama hamkuwa nayo, ulisikia mabao kwa ukuta.

Sasa paneli imekufa. Huku kwetu nazi ikiangukia kioo, kinapasuka, chumvi na maji vinapenya, kazi imeisha. Unataka ingine. Na hapo ndipo mabuda wa barazani wanatoa ile line yao: "Jua ni lile lile, paneli ni paneli." Hao ndio wale wale wanaopiga remote makofi ndio betri iamke. Waamkie vizuri, shikamoo, halafu pita na zako.

Juu paneli si paneli, maze. Geuza ile ya zamani, soma stika ya mgongoni. Kila mtu hukimbilia wati, wati ndio za kuringia maskani. Wacha wati kwanza. Tafuta Vmp, hizo ndio volti paneli inatoa ikiwa kazini. Na Imp, hizo ndio ampea. Piga picha, weka kwa simu, ndio uvuke feri kwenda dukani.

Paneli ya kuchaji betri ya 12V huwa na seli 36 na Vmp ya kama 18. Mabuda watacheka: 18 ya nini na betri ni 12? Betri ya asidi inataka kama 14.4 ndio ijae, na paneli ikishika moto volti zinashuka. Zile namba za stika zilipimwa seli zikiwa digrii 25. Digrii 25, juu ya mabati ya Likoni, saa saba mchana? Hapo ni 60 mwanangu, na kila digrii inakula karibu asilimia 0.4. Kwa hivyo 18 inabaki 15 na kitu, fiti. Lakini ukiuziwa ya Vmp 16 juu iko bei chee, mchana inakaribia 13.8 na betri haijai. Jioni series imenoga, giza. Aibu mbele ya wageni.

Sasa tuje kwa wale wa kupenda makubwa. Msee anatoka town na paneli ya wati 330, seli 72, Vmp 37. Imebebwa na watu wawili, mtaa wote unachungulia. Anaifunga kwa betri moja ya 12V kupitia kontrola ya PWM, kile kiboksi cha katikati cha kusimamia chaji. PWM haibadilishi volti, inaivuta tu paneli ishuke hadi ya betri. Ampea 9 mara volti 13, hiyo ni kama wati 117. Amelipia 330, anakula 117! Zingine zote zimepeperuka na upepo wa kusi. Tena hiyo paneli ikiwa haina mzigo inafika volti 45, na vikontrola vingi vidogo haviwezi hiyo presha. Soma kimeandikwa max ngapi kabla hakijatoa moshi. Ukiitaka kubwa, ongeza doo ya kontrola ya MPPT, hiyo ndio inajua kugeuza volti za ziada ziwe ampea. Kama doo ya MPPT haiko, nunua ya 18 na utulie. Hakuna mtu atakucheka taa zikiwaka.

Kama uko na paneli mbili na moja ndio imekufa, angalia vile zimeungwa. Parallel, volti zifanane. Series, ampea zifanane, juu series ni foleni ya feri: gari la mbele likikwama, wote mmekwama. Na hizi mpya za seli kubwa zinatoa ampea 13 au zaidi. Ukipanga moja series na mzee wa ampea 5, yote inatembea kwa mwendo wa mzee. Tena usihesabu seli kwa macho, siku hizi zinakatwa nusu. Utaona 144 udhani ni dubwana, kumbe volti ni za seli 72. Stika tu.

Lakini stika nayo hudanganya. Mwenye duka anakuonyesha kipaneli cha nusu mita mraba, kimeandikwa 200W, anakula kiapo. Toa tepu. Jua kali la saa sita linamwaga kama wati 1000 kwa mita mraba, na paneli poa za sahii zinashika asilimia 20 hivi. Nusu mita ni wati 100, basi. Hapo sasa jua ni lile lile kweli! Mwambie akitoe nje, weka mita, pima volti na ampea. Akianza hasira, kuna duka lingine hapo mbele.

Zile za lipa mdogo mdogo ni story tofauti. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza hivyo Kenya 2012, na hizo kits huja na boksi lake, plagi yake na volti zake. Kabla hujakata waya kuunga paneli ya nje, pigia kampuni uulize, juu ukikata warranty imeenda.

Ukifika kwa kufunga, bolti usibane mkono. Chukua stainless, hewa yetu ya chumvi inakula chuma cha kawaida bila huruma. Maji ya kuosha yawe baridi, si ya kisima cha chumvi, na uoshe asubuhi kabla kioo hakijachemka. Na mpe kisogo mwembe: kivuli cha tawi moja kinaweza kuzima sehemu nzima ya paneli.

Halafu fundi. Tangu regulations za solar za 2012, wa kufunga anatakiwa awe na leseni, na sahii inatoka EPRA, wale wa kusimamia kawi. Muulize kadi. Akikujibu eti yeye ameanza hii kazi kabla hujazaliwa, mpe chai na mahamri, lakini kwa mabati yenu asipande.