Poti Moja, Draiva Mbili: Kutatua Mgongano wa Infraredi Kwenye Laptopu ya Linux

Poti ya infraredi ni kidirisha kidogo cha plastiki nyeusi au nyekundu iliyokoza, ambacho hupatikana ubavuni, mbele au nyuma ya laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000. Nyuma ya kidirisha hicho kuna taa ndogo inayotoa miale isiyoonekana kwa macho, pamoja na kipokezi cha miale inayoingia. Kabla ya Bluetooth kuenea, watu walitumia poti hiyo kuhamisha namba za simu, picha na nyaraka bila waya, au kuifanya simu ya mkononi iwe modemu ya laptopu.

Laptopu hizo hazijaisha. Wapo wanaozitunza, na wapo wanaozihitaji kwa sababu wana vifaa visivyotoa data kwa njia nyingine, mfano kompyuta za wazamiaji za Uwatec Smart, ambazo hupakua kumbukumbu za kuzamia kwa infraredi. Mtu anayeweka Linux kwenye mashine kama hiyo huweza kukuta poti imekufa kabisa, ilhali kwenye Windows ilikuwa ikifanya kazi. Mara nyingi taa ni nzima. Kinachotokea ni kwamba draiva mbili zinagombea chipu moja, na iliyowahi ndiyo isiyofaa.

Poti na kasi zake

Kanuni za mawasiliano haya ziliwekwa na IrDA, chama cha watengenezaji kilichoundwa mwaka 1993. Kanuni hizo zinataka miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 hadi 900, umbali wa kama mita 1, na vifaa viwili vinavyotazamana bila kupishana zaidi ya nyuzi 15 kila upande.

Kasi ziko za madaraja kadhaa. Daraja la chini huitwa SIR na kikomo chake ni biti 115,200 kwa sekunde. Daraja la juu lililokuwa la kawaida kwenye laptopu ni FIR, lenye megabiti 4 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 1 huchukua zaidi ya dakika moja na nusu kwa SIR. Kwa FIR ni sekunde chache. Hata hivyo vifaa vyote huanza kutafutana kwa kasi ndogo ya biti 9,600 kwa sekunde, kisha hukubaliana juu ya kasi kubwa ambayo pande zote mbili zinaiweza. Jambo hili lina maana kubwa wakati wa kutafuta kosa, kwa kuwa vifaa huweza kuonana vizuri kwa kasi ndogo na kushindwa pale tu vinapopanda kwenye kasi kubwa.

IrDA isichanganywe na infraredi ya rimoti ya televisheni. Rimoti hutuma mapigo juu ya wimbi la takriban kilohezi 38, na kwenye Linux hushughulikiwa na programu za LIRC. Mifumo hiyo miwili haielewani, na moduli ya LIRC inayotumia poti ya SIR ikiwa imepakiwa, nayo huingia katika orodha ya wagombea.

Mgongano unapoanzia

Chanzo cha mgongano kimo kwenye chipu yenyewe. SIR ilibuniwa juu ya poti ya siriali ya kawaida, ile iliyotumiwa na modemu na maus za zamani. Kwa hiyo chipu ya infraredi hujionyesha kwa mfumo kama poti ya siriali ya pili: anwani yake huwa 0x2f8, namba yake ya IRQ huwa 3, na jina lake kwenye Linux huwa /dev/ttyS1. Ili ifanye kazi kwa FIR, chipu hiyohiyo inahitaji draiva inayoijua kwa undani, pamoja na njia ya DMA ya kupitishia data bila kuisumbua prosesa kwa kila baiti.

Linux inapowaka, draiva ya siriali, iitwayo 8250, huwa imeunganishwa ndani ya keneli na huanza kazi mapema. Hupita kwenye anwani za kawaida, ikakuta pale 0x2f8 kitu kinachojibu kama poti ya siriali, ikakiandikisha. Baadaye draiva ya FIR inapokuja kuomba anwani ileile, keneli huikatalia. Ni kama dalali aliyepangisha chumba kimoja kwa watu wawili: wote wana haki ya kuulizia, lakini aliyeingia kwanza ndiye mwenye ufunguo.

Draiva za FIR hutofautiana kulingana na chipu. Chipu za National Semiconductor, zilizotumiwa kwenye ThinkPad nyingi, huendeshwa na moduli ya nsc-ircc. Chipu za SMSC, zilizotumiwa kwenye baadhi ya Toshiba na HP, huendeshwa na smsc-ircc2, na hizo huwa na maeneo mawili ya anwani, moja la SIR na jingine la FIR. Ziko pia ali-ircc na via-ircc kwa chipu za ALi na VIA. Kwa SIR pekee hutumika irtty-sir, ambayo hukaa juu ya draiva ya siriali badala ya kushindana nayo.

Siriali si mshindani pekee. Poti ya printa iliyowekwa kwenye hali ya ECP huchukua DMA, mara nyingi namba 1 au 3, na hizo ndizo namba ambazo infraredi nayo huzipenda. Kadi ya modemu ya PCMCIA nayo huweza kukimbilia 0x2f8 au IRQ 3.

Kutafuta aliyeikalia

Hatua ya kwanza ni BIOS. Kwenye baadhi ya laptopu infraredi huwa imezimwa. Humo ndimo pia zinamopatikana anwani, IRQ na DMA ambazo mashine imeipangia poti. Namba hizo ziandikwe pembeni, maana zitahitajika.

Hatua ya pili ni kujua toleo la keneli kwa amri ya uname -r. Msaada wa IrDA uliingia katika Linux enzi za keneli 2.2, ambayo ilitolewa mwaka 1999, kwa kazi iliyoanzishwa na Dag Brattli kutoka Norway na kuendelezwa kwa muda mrefu na Jean Tourrilhes. Mwaka 2017, katika keneli 4.14, ulihamishiwa kwenye sehemu ya msimbo unaosubiri kuondolewa, na mwaka 2018, katika keneli 4.17, ukaondolewa moja kwa moja. Keneli ikiwa ni 4.17 au mpya zaidi, hakuna mgongano wa kutatua, kwa kuwa hakuna draiva ya IrDA kabisa.

Hatua ya tatu ni kusoma ujumbe wa keneli kwa amri ya dmesg mara baada ya kujaribu kupakia draiva. Moduli ya nsc-ircc ikinyimwa nafasi hulalamika waziwazi kwamba haiwezi kupata anwani ya 0x2f8. Baada ya hapo hutazamwa faili /proc/ioports, inayoorodhesha kila anwani na jina la draiva inayoishikilia. Mstari wenye mgongano huonekana hivi:

02f8-02ff : serial

Neno la mwisho ndilo jibu: siriali ndiyo iliyoikalia anwani. Faili za /proc/interrupts na /proc/dma husaidia pia, lakini zina mtego. Draiva ya siriali huomba IRQ pale tu poti inapofunguliwa na programu. Poti iliyolala haitaonekana kwenye /proc/interrupts hata kama anwani yake tayari imekaliwa. Anayetazama faili hiyo peke yake huondoka akidhani hakuna mgongano.

Kuiachilia anwani

Kwa kuwa draiva ya siriali imo ndani ya keneli, haiwezi kuondolewa kama moduli, wala kuiweka kwenye orodha ya moduli zilizopigwa marufuku hakusaidii. Kinachowezekana ni kuiambia iache poti moja tu. Kazi hiyo hufanywa na setserial, kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo:

setserial /dev/ttyS1 uart none

Baada ya amri hiyo mstari wa 02f8 hutoweka kwenye /proc/ioports, na draiva ya FIR huweza kupakiwa. Kwa ThinkPad yenye chipu ya National Semiconductor amri ya kawaida ni hii:

modprobe nsc-ircc dongle_id=0x09 io=0x2f8 irq=3 dma=1

Namba za io, irq na dma ni zile zilizosomwa kwenye BIOS. Ile ya dongle_id hutaja aina ya kifaa cha taa na kipokezi kilichofungwa kwenye chipu. 0x09 ni ya vifaa vya IBM na Temic vilivyotumika kwenye mashine hizo. Ikikosewa, draiva huweza kupakiwa bila lalamiko lolote na bado mawasiliano yakashindikana. Kwa chipu za SMSC majina ya vigezo ni tofauti: ircc_sir, ircc_fir, ircc_irq na ircc_dma. Baadhi ya Toshiba zina tatizo la ziada, kwamba BIOS haiiandai chipu inavyotakiwa. Kwa hizo ilitengenezwa programu ndogo iitwayo smcinit, ambayo huendeshwa kabla ya kupakia draiva.

Mgombea akiwa ni poti ya printa, dawa ni kuitoa kwenye ECP ndani ya BIOS au kuipa infraredi DMA nyingine. Akiwa ni kadi ya PCMCIA, itolewe kwanza, infraredi iwashwe, kisha kadi irudishwe na ijitafutie nafasi yake.

Amri hizo hudumu mpaka mashine izimwe. Ili zijirudie kila inapowashwa, huandikwa kwenye faili moja ndani ya /etc/modprobe.d:

options nsc-ircc dongle_id=0x09 io=0x2f8 irq=3 dma=1
install nsc-ircc setserial /dev/ttyS1 uart none; modprobe --ignore-install nsc-ircc

Mstari wa pili unahakikisha kwamba kila nsc-ircc inapoitwa, siriali huachia anwani kwanza. Ni muhimu pia kukagua huduma ya irda-utils inayojiwasha yenyewe: ikiwa imepangwa kutumia /dev/ttyS1, itaikalia poti kwa SIR kabla FIR haijafika.

Kuhakiki

Draiva ikishapakiwa kwa usalama, infraredi huonekana kama kiungo cha mtandao chenye jina irda0, wala si kama poti ya siriali. Huwashwa kwa amri ya irattach irda0 -s, ambapo herufi ya mwisho huagiza utafutaji wa vifaa uanze. Kuanzia hapo laptopu hupiga mwito kila baada ya sekunde 3 hivi.

Programu ya irdadump huonyesha mazungumzo hayo mstari kwa mstari. Mistari yenye xid:cmd ni miito inayotoka kwenye laptopu; yenye xid:rsp ni majibu ya kifaa cha pili. Miito ikiwepo bila majibu, kifaa cha pili kisogezwe, kielekezwe sawasawa, na infraredi yake iwashwe. Kama taa inatiliwa shaka, kamera ya simu huweza kusaidia: kamera nyingi huona miale hii, na taa ya laptopu huonekana ikimwekamweka kwa rangi ya zambarau au nyeupe kila mwito unapotolewa. Majibu yakipatikana, jina la kifaa huandikwa kwenye /proc/net/irda/discovery.

Vifaa vikionana lakini uhamishaji ukakatika mara unapoanza, shaka iende kwenye kasi kubwa. Kuandika 115200 ndani ya faili /proc/sys/net/irda/max_baud_rate huibana poti isipande kupita SIR. Mambo yakitengemaa baada ya hapo, kosa liko kwenye upande wa FIR: DMA si sahihi au dongle_id imekosewa. Laptopu iliyoamka kutoka usingizini nayo huweza kupoteza mipangilio ya chipu. Kuiondoa moduli na kuipakia upya hurejesha hali.

FIR ikikataa kabisa, ipo njia ya kuusuluhisha mgongano kwa kutoshindana. Moduli ya FIR huachwa, siriali hubaki na anwani yake, na infraredi huendeshwa juu yake:

irattach /dev/ttyS1 -s

Kwa kupakua kumbukumbu za saa ya mzamiaji au orodha ya namba za simu, kasi hiyo inatosha.

Kwenye keneli mpya

Mwenye keneli ya 4.17 au zaidi hawezi kupona kwa kununua kifaa cha infraredi cha USB, maana nacho kilitegemea msimbo uleule ulioondolewa. Njia nyepesi ni kuweka mfumo wa zamani, kama Debian 9 yenye keneli 4.9, kwenye diski au sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Matengenezo ya usalama ya keneli 4.9 yalisimama Januari 2023, kwa hiyo mashine hiyo isiunganishwe na intaneti. Data iliyopokelewa kwa infraredi ihamishwe kwa flashi kwenda kwenye kompyuta nyingine.